Kigari cha Bluu Alichowekewa Marehemu

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe 19 Oktoba 1996, saa nne na robo asubuhi, mbele ya kabati la kioo katika duka la vitu vya kale la Bi Maxine Teague, mjini Harlan Mills, jimbo la Michigan.

Katika gazeti lililopita tulimwacha Elwin Stroebel pale pale, miwani imemteleza mpaka ncha ya pua, kakikodolea macho kikaratasi kilichofungwa kwa uzi kwenye kigari cha bluu. Sasa tukisome pamoja naye.

"Amewekewa: Arvilla Stroebel. Mwisho leo, saa sita mchana."

Arvilla Stroebel ni mke wake. Na Arvilla Stroebel alizikwa Novemba ya mwaka juzi, Elwin mwenyewe akitupa udongo wa kwanza.

"Maxine!" Sauti ilimtoka imekatika, kama ya mtu aliyekwamwa na mfupa. "Maxine, njoo hapa!"

Bi Maxine alikuwa nyuma ya kaunta anakula donati. Ni mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwenye ulimi mwepesi na miguu mizito. Hakuinuka.

"Nakusikia. Mji mzima unakusikia."

"Nani kaandika hiki kikaratasi?"

"Mtu mwenye kalamu."

"Usinitanie, mama! Hili ni jina la mke wangu!"

"Najua ni mke wako. Nilikuja mazishini. Nikaleta na sufuria ya viazi, na sufuria yangu mpaka leo hujarudisha."

Elwin akanywea kidogo. Sufuria kweli ilikuwa kwake, ndege wanaogea humo uani.

Mnajua tayari kwa nini alikitaka kigari kile, lakini kwa aliyekosa gazeti nitasema kwa ufupi. Mwaka 1959, wiki tatu baada ya harusi, Elwin na Arvilla walinunua Pontiac mpya ya bluu. Siku zile muuza magari akikupa funguo, anakupa na kigari cha plastiki, urefu wa kiganja na vidole, aina ile ile na rangi ile ile, ukawape watoto. Hao wawili hawakujaliwa watoto. Kigari akakichukua Arvilla.

Lile kubwa liliisha kwa kutu. Hiki kidogo kilikaa rafuni miaka thelathini na mitano. Arvilla alipofariki, Elwin akarudi kutoka makaburini, akatazama rafuni kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akaona vumbini alama yenye umbo la kigari. Kigari hakipo.

Hakujiuliza mara mbili. Kamati ya kanisa ilikuwa imekuja kuchukua nguo za marehemu za kuuza kwa ajili ya maskini. Kamati ni kamati. Ukiiruhusu ichukue makoti, itatoka na kabati. Elwin akaacha kanisa siku ile ile, na tangu hapo kila Jumamosi anazunguka maduka ya vitu vya kale ya wilaya tatu, anageuza vigari vya watu matumbo juu.

Hakuwa anatafuta kigari chochote. Alikuwa anatafuta kimoja. Nyumbani kwake hakikubaki kitu kingine ambacho Arvilla alikishika kila siku.

"Nifungulie kabati," alisema.

"Kutazama, ruksa. Kuondoka nacho, hapana, mpaka muda uishe. Sheria ile pale ukutani."

"Sheria! Nilifunga milango ya magari kiwandani miaka thelathini na mmoja, na kila siku kulikuwa na sheria mpya ukutani. Mwisho wakabandika moja inasema kiwanda kimefungwa."

"Mimi sijafunga. Nimefungua. Sogea, nipite."

Bi Maxine alizungusha ufunguo, akakitoa kigari, akakilaza juu ya taulo. Elwin akainama, akakinusa.

Msicheke. Wakusanyaji wote wa vigari hivi wananusa. Plastiki ya miaka ile ikizeeka inatoa harufu ya siki, na mtu asiyenusa huuziwa cha bandia. Elwin akavuta pumzi mpaka mwisho. Siki tupu.

Halafu uso wake ukasawijika.

"Si chenyewe," alisema.

"Kwa nini?"

"Kimenyooka."

Plastiki ile ilikuwa na ugonjwa mmoja mwingine: ikipata joto inapinda. Kigari cha Arvilla kilipinda zamani sana, mbele juu, nyuma juu, tumbo chini, kama ndizi. Na Elwin alimjua mkosaji. Arvilla alikuwa akifuta vumbi anakiweka juu ya bomba la kupashia nyumba joto, anakisahau. Elwin alimkumbusha kosa hilo kila msimu wa baridi, miaka thelathini na mitano, na kila mara Arvilla alicheka tu, akaenda kuchemsha kahawa.

Hiki cha hapa kimenyooka kama rula.

"Basi umepata nafuu," alisema Bi Maxine. "Nenda nyumbani kaniletee sufuria yangu."

Lakini kidole cha Elwin kilikuwa tayari nyuma ya kigari, kwenye taa ya kulia. Taa ya kushoto ilikuwa nyekundu ya kiwandani. Ya kulia ilikuwa nyekundu nyingine, inayong'aa zaidi, yenye alama za brashi ndogo.

Rangi ya kucha! Taa ile ilipochubuka, Arvilla aliipaka rangi yake ya kucha. Rangi aliyoipaka mara moja tu maishani, siku ya harusi, halafu akasema inamfanya aonekane kama mke wa meneja.

"Ni chenyewe," Elwin alinong'ona. "Maxine, ni chenyewe. Kimenyookaje?"

"Mimi nauza tu."

"Basi naondoka nacho. Mimi ni mume wake. Nachukua kwa niaba yake."

"Una barua yake?"

"Amekufa, Maxine!"

"Ndiyo maana naomba barua."

Hapo ndipo ilisikika sauti kutoka mlangoni, kwenye kiti cha kinyozi kilichokuwa kinauzwa.

"Samahani, mzee. Huyo mama asipotokea saa sita, mimi ndiye wa kwanza kwenye foleni."

Elwin aligeuka. Kwenye kile kiti alikaa bwana wa miaka arobaini hivi, kofia ya kijani, chupa ya kahawa magotini, kajipumzisha kama yuko kwake.

"Na wewe nani?"

"Natoka Toledo. Nimefika hapa saa tatu. Bi Maxine kaniandika."

"Nimemwandika," Bi Maxine alikubali.

"Bwana mdogo," Elwin alianza, akijikaza kutabasamu, na uso wake haukuzoea kazi hiyo, "una mke?"

"Ninaye. Na mwingine wa zamani."

"Basi nenda kwa huyo wa zamani, akakutafutie kigari. Hiki kina mwenyewe."

"Mwenyewe akija, nitamvulia kofia."

"Umeambiwa amekufa!"

"Basi kofia itabaki kichwani, mzee wangu. Nimeendesha maili tisini."

Elwin akatazama saa ya ukutani. Jengo lile zamani lilikuwa benki. Wakubwa wa benki walipofunga walibeba kila kitu mpaka vitasa, wakaacha ile saa kubwa tu, nadhani ili watu wapate kuona muda wao unavyopotea. Ilikuwa saa nne na dakika hamsini.

Hakutoka. Alisimama kwenye kaunta kama mlinzi. Saa tano ikalia. Bwana wa Toledo akamenya chungwa. Saa tano na robo, Elwin akaanza hotuba juu ya kamati za makanisa. Saa tano na nusu akawa amefika kwa gavana.

"Pumzika," alisema Bi Maxine. "Utamfikia rais bado hujapata chakula cha mchana."

Saa tano na dakika arobaini, kengele ya mlango ikalia.

Aliingia mtu mrefu, mwembamba, suruali imevutwa juu kwa mikanda ya mabegani, na kwapani kabana kopo la bati la mikate. Elwin alipomwona, damu ilimpanda mpaka masikioni.

Hollis Brandvold! Mwenyekiti wa klabu ya wakusanyaji wa vigari ya Harlan Mills. Yule yule aliyemfukuza Elwin klabuni miaka sita iliyopita, kwa sababu Elwin alisimama mkutanoni akasema mwenyekiti anajipa mwenyewe zawadi ya kwanza kila mwaka.

Naomba niseme hapa: alikuwa anajipa kweli.

"Habari za asubuhi," alisema Hollis.

"Kumbe ni wewe!" Elwin alimrukia, akamkamata mikanda yote miwili. "Umelitumia jina la marehemu kunifanyia mzaha! Mwizi! Mwenyekiti!"

"Umeanza na tusi dogo ukamalizia na kubwa," Bi Maxine alisema, akisogeza donati zisimwagike.

"Niachie, Elwin. Nitakuambia."

"Kiliingiaje mikononi mwako? Kamati ya kanisa ilikuuzia?"

"Kamati haikukiona hata kwa macho. Alikileta Arvilla."

Mikono ya Elwin ililegea. Mikanda ikarudi kifuani kwa Hollis: pa!

"Unasema?"

"Septemba ya mwaka ule aliofariki. Alikuja kwangu kwa basi, kakitia ndani ya kopo hili la mikate, kakifunga kwa kitambaa. Akaniambia, 'Hollis, nasikia unajua kuvinyoosha. Mnyooshee mzee wangu, nimpe Krismasi.' Nikamwambia, 'Arvilla, mumeo hataki hata kusikia jina langu.' Akasema, 'Ndiyo maana sitamtajia.'"

Bwana wa Toledo aliacha kutafuna.

"Huwezi kuharakisha plastiki ile," Hollis aliendelea, na sauti yake ikawa ya fundi, haikuwa tena ya mwenyekiti. "Ukiharakisha inapasuka. Nilikilaza kwenye mchanga wa vuguvugu, katikati ya mbao mbili, nikawa nakaza skrubu robo mzunguko kwa wiki. Miezi kumi na minne. Krismasi ilipita, yeye mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Nikaendelea kukaza."

Elwin akapitisha kidole juu ya paa la kigari.

"Kwa nini hukuniletea nyumbani?" ilimtoka hatimaye.

"Nilikuja mara tatu. Mara ya kwanza ulinifungulia mbwa. Mara ya pili ulinifungulia mbwa. Mara ya tatu mbwa alikuwa ameshakufa, ukabweka mwenyewe."

Bwana wa Toledo alipaliwa na chungwa.

"Nikajiambia, Jumamosi Elwin hapitwi na kabati la Maxine. Kibanda namba thelathini na moja humu dukani nakikodi mimi. Nikakiweka."

"Na jina? Kwa nini uliandika jina lake? Unajua nimekaa hapa saa nzima nadhani nimerukwa na akili?"

Hollis alishangaa, kama ameulizwa kwa nini kavaa viatu.

"Ulikuwa mwanachama, Elwin. Unajua taratibu za meza ya matengenezo. Kigari kinaandikwa jina la aliyekileta, na jina halibadilishwi mpaka kitoke kwa fundi kifike mkononi. Alikileta Arvilla. Nitaandika nani?"

Kwa mara ya kwanza tangu Novemba ile, Elwin hakuwa na mtu wa kumlaumu. Alitazama huku na huku kumtafuta. Kanisa alilolinunia miaka miwili lilikuwa halina kosa. Mwenyekiti alikuwa na kosa la zawadi tu. Akahisi kama amefika kazini akakuta zana zake zimechukuliwa.

"Basi nipe," alisema polepole. "Nipe nikipeleke nyumbani, Hollis. Na... basi, nipe tu."

Hollis hakunyoosha mkono.

"Kuna jambo."

"Jambo gani?"

"Aliniapisha."

Akafungua kopo la mikate. Ndani hamkuwa na kitu ila picha moja ya zamani, ya rangi nyeusi na nyeupe, yenye kingo za mikunjomikunjo. Aliibana kifuani, sura ikiwa kwake, mgongo ukiwa kwa watu. Mgongoni kulikuwa na mwandiko wa kalamu ya risasi. Elwin aliutambua kutoka pale alipo. Ni mwandiko ulioandika orodha zake za sokoni maisha yake yote.

"Soma," alisema Elwin.

Hollis akailaza picha kiganjani, sura chini, akasoma:

"'Hollis, kabla hujampa, mwulize Elwin swali hili moja: ni nani aliyekiacha kigari juani? Akijibu sawasawa, mpe na umwambie nampenda. Asipojibu, kiuze, umwache anune. Atapata sababu mpya, hizi za zamani nimezichoka. Arvilla.'"

Bi Maxine alicheka mpaka akashika kaunta. "Huyo ndiye yeye! Huyo ndiye Arvilla mwenyewe!"

"Juani?" Elwin alipauka uso. "Juani wapi? Kilipinda kwenye bomba la joto! Alikiweka yeye, wakati anafuta vumbi!"

"Hilo si jibu la swali," alisema Hollis.

"Hebu niione hiyo picha."

"Jibu kwanza. Nimeapa," alisema Hollis, akairudisha picha kifuani.

Bi Maxine alinyoosha shingo akaichungulia. Cheko likamkatika ghafla, akaziba mdomo kwa mkono. Bwana wa Toledo naye akainuka kwenye kiti cha kinyozi, akaja akachungulia begani kwa Hollis, akapiga mluzi mdogo.

"Mzee wangu," alisema, "mimi sijakufahamu vizuri, lakini kwa hapa huponi."

Saa ya ukutani ilionyesha bado dakika mbili.

"Hollis," Elwin alisihi. "Usiwe mtoto. Ondoa kikaratasi, nichukue."

"Usipojibu, sikiondoi. Na saa sita ikimaliza kulia, ni cha huyu bwana. Nilimwapia mkeo, Elwin, akiwa amekaa jikoni kwangu. Sikujua kwamba namwapia mtu aliyebakiza wiki nane."

Elwin akashika ukingo wa kaunta. Juani. Neno lile lilikuwa linamkwaruza mahali. Na hapo, wasomaji, bila kualikwa, ikamrudia siku nzima.

Tarehe nne Julai, 1959. Ziwani. Pontiac imeoshwa, inawaka kama kioo. Vijana wote waliokuwa na magari mapya walikuwa na mtindo mmoja: kile kigari kidogo unakipanga nyuma, chini ya kioo, ndani ya lile kubwa, ili anayekufuata barabarani aone unazo Pontiac mbili. Arvilla alisema, "Kitoe pale, jua kali." Na mtu fulani akamjibu, "Kiache watu waone." Kisha wakaenda kuogelea mpaka jioni.

Bomba la joto halikuwashwa mpaka Oktoba.

Saa ikaanza kulia.

Moja.

"Jua la mwaka ule lilikuwa la ajabu," alisema Elwin. "Hata magazeti yaliandika."

"Jua halikujipangia kigari," alisema Hollis.

Mbili. Tatu.

"Waliotengeneza plastiki ile ndio wa kulaumiwa! Wakubwa walijua haivumilii joto, wakanyamaza!"

"Hao hawakuwepo ziwani," alisema Bi Maxine.

Nne. Tano. Bwana wa Toledo alivua kofia, akaikunja, hakujua aishike wapi.

"Ni huyo muuza magari. Alipaswa kutuonya."

"Elwin," alisema Bi Maxine, na safari hii hakumtania. "Mtoto wa watu amekubebea hili miaka thelathini na mitano, anachemsha kahawa."

Sita. Saba. Nane.

Labda ni kiapo kilichomchosha Hollis, labda ni huruma, lakini kwenye pigo la tisa aliigeuza picha.

Pale ziwani, Arvilla, miaka ishirini na mbili, kasimama nyuma ya Pontiac, nywele zimepeperuka. Mkono mmoja kashika sahani ya pai ya cheri. Mkono wa pili ananyoosha kidole kwenye kioo cha nyuma, palipopangwa kigari kidogo ambacho tayari kimeanza kuinua pua. Anacheka mpaka macho yamefumba. Anamchekea aliyeshika kamera.

Kumi.

Siku ile walienda ziwani wawili tu. Mmoja yuko pichani.

Kumi na moja.

Elwin Stroebel alifungua mdomo. Hollis alishika uzi wa kikaratasi kwa vidole viwili. Bi Maxine alishika ufunguo. Na juu ya taulo kigari cha bluu kilikaa kimenyooka, taa moja ya kiwandani, taa moja ya harusi, kinangoja kama wanavyongoja wao.

Ni nani aliyekiacha juani, Elwin?